"Si Imewaka?" Historia Fupi ya Kutesa Kompyuta Mpya

Wasee, kuna swali nimechoka kulisikia huku Kisii: "Si imewaka?" Mtu amenunua prosesa ya mtumba, mazabodi imetoka kwa jamaa mwingine, RAM ni za kampuni mbili tofauti. Tunafunga vyote ndani ya kasha, tunabonyeza, feni zinazunguka, na mwenyewe tayari ameshika mlango aende na mashine yake. Nikimwambia aiache hapa Nyanchwa hadi kesho niitese kwanza, ananiangalia kama mwizi.

Kwa hivyo leo historia kidogo. Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Na hii tabia ya kutesa kompyuta haikuanzishwa na vijana wa gemu. Ina umri sawa na kompyuta zenyewe.

Anzia Philadelphia. ENIAC, iliyoonyeshwa umma Februari 1946, ilikuwa na valvu karibu 18,000, yaani vichupa vya glasi vinavyopata moto kama balbu, na ilikula kilowati 150 hivi za stima. Kila kichupa ni mahali pa kuharibika. Injinia mkuu, J. Presper Eckert, alikataa kuzisukuma valvu hadi mwisho wa nguvu zao. Zilifanya kazi chini kabisa ya kiwango kilichoruhusiwa. Wakagundua pia kwamba nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima, basi wakaiacha mashine ikiwaka tu. Hata waya hazikuchaguliwa hivi hivi: waliwawekea panya wenye njaa waya za aina mbalimbali, waone zipi hazitafunwi. Usicheke. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale kituo cha Gitaru na Kenya nzima ikaingia giza. Wale wa panya walijua wanachofanya.

Lakini wazo ninaloliheshimu zaidi lilitoka MIT, kwenye kompyuta iliyoitwa Whirlwind, kuelekea mwanzo wa miaka ya 1950. Badala ya kungoja valvu ife, wao walibadilisha volti makusudi, kidogo tu, huku mashine ikifanya hesabu ambayo jibu lake linajulikana. Valvu dhaifu ilikosea hapo hapo, mafundi wakiwa wamejiandaa, si kesho yake katikati ya kazi. Uingereza nako, mafundi wa LEO, kompyuta ya mwaka 1951, walitumia njia kama hiyo. LEO iliundwa na J. Lyons, kampuni ya chai na keki. Ndiyo, chai. Watu wa Nyamira, jivunieni kidogo.

Angalia walichokuwa wakitafuta. Si kama mashine inawaka. Walitaka kujua kama inatoa jibu sahihi ikiwa imebanwa. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na hata Intel walijifunza kwa uchungu. Julai 2000 walitoa Pentium III ya gigahezi 1.13, kasi kubwa ya wakati huo. Iliwaka vizuri tu. Thomas Pabst wa Tom's Hardware akaipa kazi nzito, kukompaili kerneli ya Linux, ikashindwa. Kyle Bennett wa HardOCP naye akakuta matatizo. Mwezi haujaisha tangu itoke, Intel wakairudisha yote kutoka sokoni. Kampuni yenye maabara za mabilioni, ikaumbuliwa na watu wawili waliokataa kuridhika na "si imewaka".

Programu ninayotumia mimi, Prime95, nayo haikuundwa kwa ajili ya kutesa. Ni ya mradi wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, watu wa kawaida wakitumia kompyuta zao za nyumbani kutafuta namba tasa kubwa. Hesabu ikienda wiki nzima halafu mashine ikakosea mara moja, umepoteza wiki. Ndiyo maana wakaweka sehemu ya kujaribu mashine kwanza, na jina lake kwa Kiswahili ni mateso, hawakuficha. Januari 2016 Intel walikubali kwamba prosesa zao za Skylake zilikuwa zikiganda kwa hesabu fulani nzito. Hesabu zenyewe? Za Prime95. Dawa ilikuja kupitia BIOS.

Sasa kuna wale wanaoniambia, "Buda, ukiitesa utaichoma." Hiyo hofu iliwahi kuwa na msingi. Mwaka 2001 Tom's Hardware walitoa video: waling'oa chuma cha kupoza juu ya prosesa zikiwa kazini. Athlon za AMD ziliungua, moshi kabisa. Pentium 4 ilipunguza kasi ikaendelea. Tangu hapo ulinzi umekuwa kitu cha kawaida. Prosesa nyingi za Intel za leo zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza zenyewe, zikizidi zinazima. Mashine inayokufa baada ya usiku mmoja wa hesabu ilikuwa inakufa tu. Tofauti ni kama itafia kwangu au kwako.

Na hapa kwetu, nani alilielewa hili? BRCK, wale wa Nairobi waliochangisha pesa Kickstarter mwaka 2013 kuunda kifaa cha intaneti cha mahali stima inapotea ovyo. Wao hawakukaa ofisini tu. Walikibeba hadi Turkana, vumbi na jua. Noma sana. Kifaa kikiundwa kwa ofisi ya London yenye kipoza hewa, kimejaribiwa kwa ofisi ya London.

Nyanchwa si London wala Turkana. Watu wanasema Kisii ni baridi, joto halitusumbui. Baridi ndiyo, lakini tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ongeza chumba cha saiba chenye paa la mabati saa nane mchana, mashine sita zimebanana, vumbi la barabara. Halafu mtu anajaza fomu ya HELB hapo, mashine inajizima.

Wiki hii nina mashine ya mzee mmoja kutoka Nyamira. Anamnunulia binti yake kwa bonasi ya chai, na bonasi haiji kila mwezi. Duka lililouza prosesa limempa waranti ya siku saba, zimebaki tano. Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe siku mbili." Hakufurahi, lakini alikubali.

Usiku wa kwanza ni MemTest86, RAM peke yake, maana RAM mbovu si lazima izime mashine. Inaweza kuharibu faili polepole na wewe unalaumu virusi. Kosa moja tu, natoa vipande kimoja kimoja hadi nikipate. Usiku wa pili ni Prime95, kasha limefungwa, kwa sababu nyumbani hataitumia ikiwa wazi. Ikigusa nyuzi 95 nasimamisha, nafungua, napaka pesti upya. Wanaotesa siku tatu mfululizo siwaelewi, hiyo stima nani analipa?

RAM imepita, hakuna kosa. Prime95 imeanza saa tatu usiku na iko nyuzi 81. Stima ikipotea kabla ya asubuhi, naanza upya.