Pikapu ya baba mdogo, mafuta ya taa na kodi ya mwaka 2011

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la sita hapa Mugumu. Baba mdogo alikuwa na pikapu ya dizeli, na mtaa mzima uliitegemea. Siku za mnada ilibeba mahindi, siku nyingine mbao na saruji, na usiku mtu akizidiwa, mlango uliogongwa ulikuwa wa baba mdogo.

Halafu ikaanza kukosa nguvu. Asubuhi inawaka bila tatizo na inaondoka vizuri tu. Ikishapata moto, kilima ilichokuwa inakipanda kwa gia ya tatu inakipanda kwa gia ya kwanza, tena kwa kulalamika. Ukiizima ikiwa ya moto, kuiwasha tena ni shughuli.

Fundi wetu alianza na vitu vya bei rahisi, na mpangilio wake naukumbuka kwa sababu nilishika tochi. Kwanza alitazama moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, kwa hiyo unaangalia chujio la hewa na mipira yake. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Pikapu yetu haikutoa moshi wa ajabu, nguvu tu hakuna. Hapo akasema injini haipati dizeli ya kutosha. Akabadilisha chujio la dizeli, akakagua mipira kama inavuta hewa. Mwisho akasubiri injini ipate moto, akaizima, ikagoma kuwaka. Akalowesha kitambaa kwa maji ya baridi, akakiweka juu ya pampu ya dizeli kwa dakika kadhaa. Ikawaka.

"Mzee, pampu imelika."

"Si tumeifanyia kazi juzijuzi tu, kijana wangu? Nimeuza ng'ombe wawili kwa hiyo pampu!"

"Ndiyo, mzee. Sasa niambie, dizeli unaweka wapi?"

Ili kuelewa swali la fundi, turudi nyuma kidogo. Rudolf Diesel, mhandisi wa Ujerumani, alipata hataza ya injini yake mwaka 1893, na mwaka 1897 akaonyesha injini iliyofanya kazi vizuri mjini Augsburg. Haikuwa na plagi ya kuwashia. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yanapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Shida ilikuwa hilo la kupuliza. Injini za mwanzo zilitumia mtambo wa hewa iliyobanwa, mzito na mkubwa, kwa hiyo zilifaa viwandani na kwenye meli. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo inayosukuma dizeli yenyewe kwa shinikizo kubwa hadi kwenye nozeli. Pampu za namna hiyo ndizo zilizofungua njia kwa malori ya dizeli, na baadaye pikapu kama ya baba mdogo.

Ndani ya pampu, vyuma vinavyosuguana vimeachiana nafasi ya mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Na kwenye pampu nyingi za pikapu za zamani, kinacholainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe inayopita humo.

Sasa weka mafuta ya taa. Yanafanana sana na dizeli na yanaungua vizuri, kwa hiyo siku ya kwanza hutajua kitu. Lakini ni mepesi zaidi na hayalainishi vizuri. Vyuma vinasuguana, nafasi inapanuka, na mafuta yanaanza kurudi nyuma badala ya kwenda kwenye nozeli. Injini ikipata moto, mafuta yanazidi kuwa mepesi na yanazidi kuvuja humo ndani. Ndiyo maana ugonjwa ulijitokeza gari likiwa la moto, na kitambaa cha maji kikautuliza.

Kwa nini mtu achanganye mafuta ya taa kwenye dizeli? Jibu lilikuwa kwenye kodi. Mafuta ya taa yalikuwa mafuta ya wanyonge, kwa hiyo serikali iliyatoza ushuru wa bidhaa wa shilingi 52 tu kwa lita. Dizeli ilitozwa shilingi 314. Mwenye tamaa alinunua kwa kodi ya koroboi na kuuza kwa bei ya dizeli. Mchezo huo ulienea mpaka neno "kuchakachua" likawa mdomoni mwa kila mtu, na uchaguzi wa 2010 ulipofika, watu wakawa wanasema hata kura zimechakachuliwa.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta. Hii ni kemikali inayotiwa kwa kiasi kidogo sana kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kabla ya kwenda vituoni. Mkaguzi akipima kituoni na kukuta vinasaba vimepungua, anajua kuna kitu kimeongezwa. Njia ya pili ilikuja na bajeti ya 2011/12: ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, na wa dizeli ukashushwa kutoka 314 hadi 215. Faida ya kuchanganya ikayeyuka.

Kihandisi ni suluhisho safi. Badala ya kumkimbiza kila mchakachuaji, unaondoa sababu ya yeye kuchakachua. Pampu nyingine ya baba mdogo ilidumu miaka, ingawa gari moja si ushahidi wa kitu. Pengine alibadilisha tu kituo.

Ila nyumbani kwa bibi hapakuwa na umeme, na hakuwa na gari. Alikuwa na koroboi. Mafuta yake alinunua dukani kwa kipimo cha chupa ndogo, na bei ilipopanda hakuna aliyemweleza kwamba analipia pampu za watu. Alianza kuiwasha wakati wa kula tu, kisha anaizima. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, na nikienda kwake likizo nilisoma mpaka jua lilipozama, basi.

Kwa hiyo gari lako likikosa nguvu, fuata mpangilio wa fundi: moshi, hewa, chujio, ndipo pampu, na usinunue pampu mpya kabla ya kujua iliyokufa imeuawa na nini. Na ukisoma kwamba tatizo la uchakachuaji lilitatuliwa kwa kodi, kumbuka kuuliza kodi hiyo ililipwa na nani. Kwetu ililipwa na bibi, ambaye hata pikapu alipanda mara moja moja tu, akipelekwa hospitali.