Mkono wa Mtoto na Chungu cha Uji: Historia ya Chakula cha Kushika katika Nchi ya Mpanda

Wageni wa karne ya 19 waliopita katika nchi iliyo kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika waliandika mengi juu ya chakula, lakini chakula walichokijali kilikuwa hasa kile cha msafara. Stanley alipozunguka kwa upande wa kusini mwaka 1871 ili kuiepuka vita ya Mirambo, akapita Ukonongo na Ukawendi hata akafika Ujiji, shida yake ilikuwa posho ya wapagazi. Vivyo hivyo kituo cha Karema, kilichojengwa mwaka 1879 na kukabidhiwa mapadre Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, kilihitaji kujua bei ya nafaka na wingi wake ghalani. Katika maandishi ya namna hii ni nadra kumwona mtoto wa mwaka mmoja akila. Basi mwenye kutafuta historia ya chakula cha mtoto huyo hana budi kuyauliza maneno, kwa maana maneno huhifadhi yale ambayo wasafiri hawakuyaandika.

Shanwe ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa namna hii. Leo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika mkoa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Ongezeko kubwa hivi latokana kwa sehemu na wahamiaji. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe ndio wenyeji wa nchi. Juu yao wamekuja Wafipa, Waha, Wasukuma, na Warundi waliokimbilia Katumba na Mishamo tangu miaka ya 1970. Mapishi mengi yamekutana, na Kiswahili ndiyo lugha ya kuyapatanisha. Kwa hiyo pengo lililomo katika Kiswahili laweza kuwa pengo katika sahani.

Kulikiza, kulisha na kula

Neno la kale la kumtoa mtoto katika ziwa ni kulikiza. Shina hilo ndilo lililozaa likizo, yaani ruhusa ya mwanafunzi au mtumishi kuacha kazi kwa muda. Aliyelikizwa ni aliyeruhusiwa aende zake. Chakula cha kulikizia, basi, kilikuwa chakula cha mwisho wa ziwa, na pwani mwisho huo ulipimwa kwa miaka miwili kamili kwa mujibu wa mafundisho ya Kiislamu.

Siku hizi maandishi ya afya yamelikwepa neno hili, yakachagua vyakula vya nyongeza. Badiliko hili la jina ni badiliko la fikira. Tangu Mkutano wa Afya wa Dunia wa mwaka 2001, mafundisho ni kwamba mtoto anyonye tu, bila kingine, kwa miezi sita. Kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili na zaidi. Chakula hakiji kuliondoa ziwa, bali kulisaidia.

Kitenzi cha pili ni kulisha, nacho ni kumfanya mwingine ale. Kimezaa malisho ya ng'ombe, na kimezaa lishe ya binadamu. Neno lishe lilipata nguvu ya kiserikali mwaka 1973, sheria ilipounda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ikapeleka mafundisho ya chakula hadi vijijini. Tangu hapo neno limekuwa sifa ya kubandikwa nyuma ya majina: uji wa lishe, unga wa lishe, viazi lishe. Lakini sarufi yake yafaa kuangaliwa. Katika kulisha, mzazi ndiye mtenda na mtoto ndiye mtendwa. Mzazi ana kijiko, mtoto ana mdomo. Mkono wa mtoto haumo.

Kitenzi cha tatu ni kula chenyewe, nacho ndicho kinachomhusu mtoto wa mwaka mmoja. Kiswahili chamjua mtoto huyu vizuri kwa miguu yake: asimama dede, kisha aenda tata. Kwa mikono yake chamjua kidogo. Hata hivyo mkono hukua kwa utaratibu kama mguu. Kwanza mtoto hukamata kitu kwa kiganja kizima. Yapata mwezi wa tisa au wa kumi huanza kuokota kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Akitimiza mwaka, wengi huweza kuokota hata punje moja sakafuni na kuipeleka kinywani. Huyu ni mlaji, hangoji kulishwa tu.

Kutoka ulezi hadi posho

Kabla ya mahindi kutawala, nafaka za bara zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Wengi hupenda kuliunganisha jina la nafaka ya ulezi na ulezi wa watoto, lakini kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi asili moja. Lililo hakika ni kwamba ulezi ni punje ndogo mno, haifai ila kusagwa. Nao unga wake hufanya uji mzuri.

Mahindi, mihogo, viazi vitamu na karanga vyote vilitoka Marekani ya kale baada ya karne ya 15, ingawa jina la mahindi laelekeza Bara Hindi. Mimea hii mipya ilileta tofauti kubwa kwa mtoto. Nafaka husagwa na kukorogwa; kiazi na muhogo huchemshwa vikabaki na umbo. Kipande cha kiazi chaweza kushikwa.

Nchi ya Mpanda ilikuwa pia nchi ya mbung'o. Ng'ombe hawakustawi, na serikali ya kikoloni, tangu miaka ya 1920, iliwahamisha watu wengi wa magharibi na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa ajili ya malale. Palipokosekana ng'ombe palikosekana maziwa. Cha kujenga mwili kilipatikana katika karanga, maharage, njugu mawe, nyama ya mwitu, na samaki wa ziwani, yaani migebuka na dagaa.

Kisha ikaja migodi. Madini ya risasi ya Mpanda yalichimbwa kwa wingi katika miaka ya 1950, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili yake. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Katika migodi na mashamba makubwa ya Tanganyika mtumishi alipimiwa posho, na posho hiyo kwa kawaida ilikuwa unga wa mahindi pamoja na maharage. Uzito wa desturi hii waonekana katika lugha: Uganda, posho imekuwa jina la ugali wenyewe. Mashine za kusaga zikaleta tofauti ya dona na sembe. Sembe ni nyeupe kwa kuwa pumba na kiini vimeondolewa, na pamoja navyo sehemu ya mafuta na vitamini. Hivyo nafaka moja ikajaza ghala, ikajaza na chungu cha mtoto.

Chungu kikubwa, tumbo dogo

Taabu ya uji ni ya hesabu. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anayenyonya kwa kiasi cha kawaida ahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka katika chakula kingine. Tumbo lake huchukua kadiri ya gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo tisa, basi, hushiba kwa gramu 270. Uji mwepesi wa sehemu moja ya unga kwa sehemu tisa za maji hutoa, kwa gramu 250, chini ya kilokalori 100. Kiazi kitamu kilichochemshwa hukaribia kiasi hicho kwa gramu 100 tu au zaidi kidogo. Mtoto hushiba maji kabla hajashiba chakula.

Wataalamu wa Tanzania walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha uchunguzi juu ya kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao wapishi wa pombe waliutumia tangu zamani. Kijiko kidogo cha kimea hulainisha uji mzito kwa kuvunja wanga wake, na mtoto akaweza kunywa unga mwingi ndani ya maji machache. Hata hivyo dawa hiyo ilikuwa dawa ya uji. Kuchanganya nafaka tatu katika chungu kimoja nako si dawa, maana nafaka tatu bado ni nafaka. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 30 kwa kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mikoa inayovuna mahindi mengi haikusalimika.

Vinavyoshikwa

Sokoni Mpanda vitu vya kumfaa mtoto havikosekani. Viazi vitamu, na zaidi viazi lishe vyenye rangi ya chungwa na vitamini A, vyachemshwa na kukatwa vipande virefu kama kidole cha mtu mzima, ili ncha ibaki nje ya kiganja cha mtoto. Boga, ndizi mbivu, papai na embe hufuata kanuni hiyo hiyo: kipande kipondeke kwa kubanwa kati ya vidole viwili. Muhogo uwe mtamu, uive sana, na utolewe uzi wa katikati. Ule mchungu lazima kwanza uondolewe sumu kwa kulowekwa na kukaushwa. Yai lililochemshwa likaiva hukatwa vipande. Mgebuka hunyambuliwa, miba ikatolewa mmoja mmoja. Maharage yaliyoiva hubonyezwa kidogo yasibaki duara. Ugali humegwa tonge dogo likachovywa katika mboga iliyoungwa kwa karanga zilizosagwa.

Makatazo nayo yapo. Karanga nzima na vipande vigumu vya mua huweza kumpalia mtoto, asipewe. Asali, ambayo ni fahari ya misitu ya Katavi, asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kutoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga. Mtoto ale ameketi, mtu mzima akiwa karibu, na mikono ya wote wawili ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kiganja kinacholeta chakula ndicho kinacholeta kuhara.

Suala la jina

Vyakula hivi viitweje? Kitafunio chadhaniwa kufaa, lakini katika matumizi ya leo kimefungamana na chai. Mzazi akiambiwa ampe mtoto kitafunio, fikira zake huenda kwenye andazi na biskuti, navyo ni unga, sukari na mafuta. Asusa, iliyochaguliwa na maandishi ya afya kwa chakula cha kati ya milo, ina historia yake: katika matumizi ya zamani ni kitu kitamu cha kuondoa ladha mbaya mdomoni, au cha kusindikizia kinywaji. Maneno yote mawili yaeleza wakati wa kula au kazi ya meno; hakuna linaloeleza mkono.

Chakula cha kushika ni maneno ya wazi, hayahitaji tafsiri, nayo humwambia mzazi mambo mawili kwa mara moja: kwamba chakula kiwe na umbo, na kwamba mtoto ndiye akishike. Pengine lugha za wenyeji zina neno bora zaidi. Kikonongo, Kibende na Kipimbwe havijakusanyiwa msamiati wa malezi kwa ukamilifu, na wenye kuujua ni mabibi waliowalea watoto kabla ya mashine na kliniki. Orodha ya maneno yao juu ya tonge, kipande, kutafuna na kumega yafaa kuandikwa Shanwe na vijiji jirani wangali hai, kisha ipelekwe kwa waandishi wa kamusi na kwa wauguzi wa kliniki pamoja.