Michoro ya ukutani ya Bayeye

Michoro ya ukutani ya Bayeye ni michoro iliyochorwa ndani ya nyumba za chama cha wacheza nyoka cha Wasukuma, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ilionyesha nyoka, watu, wanyama na viumbe wa masimulizi ya chama, nayo ilitumika kuwafundishia wanachama wapya. Siku hizi inajulikana hasa kupitia nakala zilizochapishwa na Hans Cory mwaka 1953.

Eneo na chama

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Nchi yao ya asili, Usukuma, iko kusini mwa Ziwa Viktoria, katika sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, na nyoka wenye sumu ni hatari ya kila siku shambani na malishoni.

Usukuma una vyama vingi vya ngoma, kazi na uganga. Banunguli ni wawindaji wa nungunungu, na Bagobogobo ni wakulima wanaocheza na majembe. Chama cha wacheza nyoka huitwa Buyeye, na wanachama wake Bayeye. Chama kingine cha nyoka ni Bagoyangi. Vyama hivi hushindana katika ngoma, na mara nyingi wachezaji hutumbuiza wakiwa wameshika chatu.

Kazi ya Bayeye haikuwa kucheza tu. Walikamata nyoka, walijua tabia za kila aina, na walikuwa na dawa za kutibu walioumwa pamoja na dawa za kinga. Elimu hiyo ilikuwa siri ya chama. Aliyetaka kuipata alipaswa kuingizwa rasmi na kufundishwa na wakubwa wake.

Michoro na matumizi yake

Mafunzo yalifanyika katika nyumba ya chama, na kuta za ndani zilipambwa kwa michoro. Rangi kuu zilikuwa nyeusi, nyeupe na nyekundu iliyokolea. Maumbo yalichorwa kwa namna sahili, bila kivuli wala mandhari ya nyuma, na nyoka walitokea mara nyingi kuliko kiumbe kingine.

Michoro ilisaidia kukumbuka. Mwalimu alieleza habari za nyoka, dawa na masimulizi ya chama huku mwanafunzi akitazama ukuta. Mtu wa nje angeweza kuona umbo la nyoka au la mtu, lakini bila maelezo ya mwalimu asingejua linasimulia nini.

Ulinganisho na warsha za Italia

Kuchora masimulizi ya kale ukutani kwa kazi ya kikundi kunajulikana pia kwingineko. Katika jumba la Villa Farnesina mjini Roma kuna ukumbi wenye michoro ya hadithi ya Cupid na Psyche, iliyomalizwa takriban mwaka 1518. Raphael ndiye aliyeibuni, lakini sehemu kubwa ilichorwa na wasaidizi wa warsha yake, akiwemo Giulio Romano.

Tofauti iko katika lengo na katika hifadhi. Michoro ya Roma ilipamba jumba la tajiri Agostino Chigi na wageni wake waliitazama. Ipo hadi leo. Michoro ya Bayeye ilikuwa ya wanachama peke yao, kwenye kuta za udongo ambazo huharibiwa na mvua na mchwa. Nyumba ilipobomoka, mchoro ulikwenda nayo.

Hans Cory na hifadhi

Hans Cory, aliyezaliwa Austria mwaka 1888 kwa jina la Hans Koritschoner, alikuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kitabu chake kuhusu michoro ya wacheza nyoka kilitolewa London na Faber and Faber mwaka 1953. Mwaka huohuo kilitoka pia kitabu chake kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kazi yake ina thamani na pia ina mipaka. Imehifadhi maumbo ambayo yangepotea, lakini imeyatoa katika nyumba yalimokuwa yakifundishiwa. Msomaji wa leo anaona picha kwenye ukurasa bila sauti ya mwalimu, na maana anaipata kwa maelezo ya mtu mmoja kutoka nje ya jamii.

Ngoma ya nyoka yenyewe haijafa. Huchezwa katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na jiji la Mwanza, ambayo mwanzilishi wake ni padre David Clement kutoka Kanada. Huko pia huonyeshwa vifaa vya vyama vya ngoma na vya uganga.