Minyororo ya Majirani: Historia ya Kufuata Seli kwa Seli ndani ya Matriksi

Matriksi ni jedwali la namba lililopangwa kwa safu za mlalo na safu za wima, na kila seli iliyo katikati yake imezungukwa na seli nane nyingine. Kuna kazi nyingi ambazo thamani iliyomo ndani ya seli haitoshi kuzikamilisha, kwa kuwa mtafiti hutaka pia kujua ni jirani yupi seli hiyo inamwelekea: maji yaliyoanguka juu ya kilima yatateremkia upande gani, au ukingo wa umbo katika picha unaendelea wapi. Kila seli ikipewa namba ya jirani yake mmoja, na jirani huyo naye akawa na namba ya jirani yake, hupatikana mnyororo unaoweza kufuatwa hadi kwenye seli inayojielekeza yenyewe, ambayo ndiyo mwisho wa njia. Katika programu ya MATLAB kazi hiyo huonekana nyepesi, lakini nyuma yake zimo jadi mbili zilizokua mbalimbali, na historia yake ni historia ya namna kazi ya kufuata ilivyopunguzwa hatua kwa hatua na kugeuzwa kuwa kazi ya kupanga.

Jadi ya kwanza ni ya wanahisabati. James Joseph Sylvester alilitumia jina la matriksi mwaka 1850, na Arthur Cayley akachapisha mwaka 1858 makala iliyoonyesha kwamba jedwali zima linaweza kujumlishwa na kuzidishwa kama kitu kimoja, bila kushughulikia kila namba peke yake. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, iliyaingiza majedwali hayo katika kompyuta kwa utaratibu maalumu: safu ya kwanza ya wima huhifadhiwa yote, ikifuatwa na ya pili, na hesabu ya nafasi huanza na 1. Kwa utaratibu huo, seli iliyo katika mlalo wa 2 na wima wa 3 ya matriksi yenye milalo 3 huwa na nafasi ya 8, jirani yake wa chini hupatikana kwa kuongeza 1, na jirani wa kulia kwa kuongeza idadi ya milalo. Namba hiyo moja inayotosha kuitambulisha seli huitwa fahirisi, na bila hiyo mnyororo wa majirani ungehitaji kubeba jozi ya namba katika kila pingili.

Jadi ya pili ni ya watu walioiona kumbukumbu ya kompyuta kama mahali ambapo kitu kimoja kinaweza kuelekeza kwenye kingine. Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon, walipokuwa wakiandaa programu ya kuthibitisha kanuni za mantiki katika miaka ya 1955 na 1956, walibuni orodha ambazo kila kipengele chake hubeba anwani ya kipengele kinachofuata, hata orodha ikaweza kurefushwa au kukatwa bila kuhamisha vingine. Mwaka 1961 Herbert Freeman alileta wazo linalokaribiana na hilo katika uchoraji wa mistari, akaeleza umbo kwa mfululizo wa namba kuanzia 0 hadi 7, kila namba ikitaja mmoja wa pande nane ambako hatua inayofuata inaelekea.

Tatizo la kuzitambua seli zinazoshikana liliunganisha jadi hizo mbili. Azriel Rosenfeld na John Pfaltz walieleza mwaka 1966 njia ya kuipitia picha mara mbili: katika mapito ya kwanza kila pikseli, yaani seli moja ya picha, hupewa alama kwa kutazama majirani waliokwisha kupitiwa, na alama mbili zinapokutana huandikwa kwamba ni za kundi moja, na katika mapito ya pili alama zote za kundi hubadilishwa kuwa moja. Swali la kutunza usawa wa alama lilikuwa limekwisha kupata jibu mwaka 1964, pale Bernard Galler na Michael Fischer walipopendekeza kwamba kila mwanachama wa kundi aelekeze kwa mwenzake hadi kufikia mzizi mmoja, na Robert Tarjan alionyesha mwaka 1975 kwamba minyororo hiyo ikifupishwa kila inapofuatwa, wastani wa gharama ya hatua moja hubaki mdogo mno hata data ikiwa nyingi. Watafiti Joseph Hoshen na Raoul Kopelman nao walitumia utaratibu wa aina hiyo mwaka 1976 kuhesabu makundi ya chembe katika wavu.

MATLAB ilizaliwa upande wa jadi ya kwanza. Cleve Moler, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha New Mexico, aliiandika kwa FORTRAN mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wake watumie maktaba za hesabu za matriksi za LINPACK na EISPACK bila kuandika programu ndefu, na aina pekee ya data iliyokuwemo ilikuwa matriksi. Moler, Jack Little na Steve Bangert walipoanzisha kampuni ya MathWorks mwaka 1984, programu iliandikwa upya kwa lugha ya C, lakini tabia yake ya kushughulikia jedwali zima kwa amri moja haikubadilika.

Tabia hiyo iliwabana waliotaka kufuata minyororo. Mnyororo hufuatwa kwa kitanzi, yaani amri zinazorudiwa hadi sharti fulani litimie, na kwa miaka mingi vitanzi vya MATLAB vilikwenda polepole kwa sababu kila mstari ulifasiriwa upya ulipofikiwa. Nafuu kubwa ilikuja mwaka 2002, toleo la 6.5 lilipoanza kutafsiri vitanzi moja kwa moja kwa lugha ya mashine. Njia nyingine ilikuwa ile ya kuruka pingili, ambayo James Wyllie aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta zinazofanya kazi nyingi kwa pamoja. Ikiwa vekta p, yaani orodha ya namba, inabeba fahirisi ya jirani wa kila seli, amri p = p(p) humfanya kila mmoja amwelekee jirani wa jirani yake, na amri hiyo ikirudiwa urefu wa hatua huongezeka maradufu, hata mnyororo wa hatua 1,000 ukamalizika kwa mizunguko 10 tu. Hata hivyo, seli mbili zinazoelekezana huonekana baada ya mzunguko mmoja kama miisho miwili halali, na seli tatu zinazozungukana hazifiki mwisho kamwe, kwa hiyo ukaguzi wa mizunguko ya namna hiyo hauna budi kutangulia.

Hapo ndipo elimu ya mito ilipotoa fundisho kubwa. John O'Callaghan na David Mark walichapisha mwaka 1984 njia ya kutoa mtandao wa mito kutoka matriksi ya miinuko, ambamo maji ya kila seli huelekezwa kwa jirani mmoja kati ya wanane, yule mwenye mteremko mkali zaidi, na mashimo ya uongo yaliyomo katika data hushughulikiwa kwanza ili minyororo isikatike. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu duniani, na kipande kimoja cha ramani iliyotokana na vipimo hivyo, chenye seli 1,201 kwa 1,201, kina seli 1,442,401. Kufuata mnyororo wa kila seli hadi baharini kungerudia njia zilezile mara nyingi mno.

Suluhisho lilikuwa kuacha kufuata. MATLAB ilikuwa imepata mwaka 1992 matriksi haba, zinazohifadhi namba zisizo sifuri peke yake, kwa kazi ya John Gilbert, Moler na Robert Schreiber, na kifurushi cha TopoToolbox, kilichotolewa na Wolfgang Schwanghart na Nikolaus Kuhn mwaka 2010, kiliandika uhusiano wa seli na jirani yake katika matriksi ya aina hiyo. Toleo la pili, la mwaka 2014, liliweka badala yake vekta mbili za fahirisi, moja ya seli zinazotoa maji na nyingine ya zinazopokea, zikiwa zimepangwa ili kila mtoaji atangulie mpokeaji wake. Kwa mpangilio huo pito moja linatosha kujumlisha maji ya bonde zima, kwa kuwa kila seli inapofikiwa imekwisha kupokea yote yaliyotoka juu yake. Grafu, yaani mitandao ya vitu na viungo kati yake, zilipoingizwa rasmi katika MATLAB mwaka 2015, kanuni ilikuwa ileile: mnyororo uliopangwa vizuri mwanzoni hauhitaji tena kufuatwa pingili kwa pingili kutoka kila chanzo.