Kichupa cha Damu Mkononi mwa Muuguzi

Pengine umewahi kumsindikiza dada yako au binti yako hospitalini kujifungua, damu ikazidi kutoka, na ukamwona muuguzi amesimama kando ya kitanda, amefumbata kichupa cha damu, macho yako kwenye saa. Ukanung'unika: mbona huyu amesimama tu na mgonjwa anaumia? Hakuwa amesimama tu. Alikuwa akitazama kama damu ya mgonjwa bado inaweza kuganda, na jibu lake ndilo linaloonyesha mapema nani yuko hatarini zaidi.

Mwaka 1901, daktari wa uzazi wa Chicago aliyeitwa Joseph DeLee aliandika habari za mama aliyekufa kwa kutokwa na damu baada ya kondo la nyuma, yaani zalio, kubanduka kabla ya mtoto kuzaliwa. Damu ya mama huyo haikuwa ikiganda. Wakati huo haikujulikana vizuri kwa nini.

Kichupa chenyewe kilitoka Boston. Mwaka 1913 madaktari wawili, Roger Lee na Paul Dudley White, walitia damu kidogo katika vichupa vya kioo, wakawa wanaviinamisha na kuhesabu dakika mpaka damu isitiririke tena. White baadaye alikuwa bingwa wa moyo, hata akamtibu Rais Eisenhower wa Marekani mwaka 1955. Mimi namkumbuka zaidi kwa kichupa hiki.

Kuelekea mwaka 1950, daktari Weiner na wenzake, huko huko Boston, walieleza jambo lililomshinda DeLee. Ndani ya damu yetu mna protini iitwayo fibrinojeni, ambayo hugeuka nyuzi na kushika bonge la damu. Zalio likibanduka vibaya, mwili huanza kugandisha damu ovyo na fibrinojeni inaisha. Ni kama fundi anayeziba kila ufa mdogo wa nyumba, na akifika kwenye ufa mkubwa anakuta saruji imekwisha. Damu inayotoka sasa ni nyepesi kama maji, haina bonge.

Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2000 juu ya matatizo ya ujauzito na uzazi kilieleza kipimo hicho kwa hospitali zisizo na maabara kubwa. Muuguzi huchukua mililita 2 za damu kutoka kwenye mshipa, akaitia katika kichupa safi, kikavu, cha kioo. Anakifumbata ili joto la kiganja liwe kama joto la mwili. Baada ya dakika 4 anakiinamisha polepole, halafu kila dakika moja. Zikipita dakika 7 bila bonge, au bonge likiwa laini na kuvunjika kwa urahisi, hiyo ni dalili ya hatari.

Sasa unaelewa kwa nini hapo hapo wanaanza kuwaita jamaa watoe damu, au wanataka mgonjwa apelekwe hospitali kubwa. Tafadhali msianze kikao cha ukoo wakati huo. Na hata bonge likiganda vizuri, msimwache mgonjwa peke yake: kichupa hakioni upungufu mdogo.

Upungufu huo huonwa na maabara. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua kwa kawaida huwa na gramu 4 hadi 6 za fibrinojeni katika kila lita ya plazima ya damu. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya akina mama 128 waliokuwa wakitokwa na damu baada ya kujifungua. Wale waliopimwa mwanzoni wakakutwa na gramu 2 au chini ya hapo, wote hali yao ilizidi kuwa mbaya. Kipimo kiliwatangulia madaktari.

Na lile bonge laini linalovunjika? Dawa ya kulizuia lisiyeyuke, asidi ya traneksamiki, ilitangazwa mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, huko Japani. Utako alikuwa akifikiria hasa akina mama wanaotokwa na damu. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa akina mama 20,060 katika nchi 21, Kenya ikiwemo: dawa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kutokwa na damu hupungua kwa karibu thuluthi moja. Utako hakuyaona matokeo hayo. Alifariki mwaka 2016. Alipokuwa kijana, kwa kukosa mahali pa kumwacha binti yake, alifanya kazi maabarani huku amembeba mgongoni.