Nani Ampokee Mlezi Zamu?

Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela, huko Kajiado, iligawanywa, kila familia ikachukua kipande chake. Ranchi za namna hiyo zilitokana na sheria ya mwaka 1968 iliyowaandikisha Wamaasai ardhi kwa makundi. Yaliyofuata baada ya mgawanyo, kila msafiri wa barabara ya Namanga ameyaona: nyaya, kisha ploti, kisha mawe ya kujengea, kisha ghorofa. Viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, pale Athi River vikavuta vijana kutoka kila pembe ya nchi, nao wakatafuta pa kulala. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta Kitengela ina watu zaidi ya 150,000.

Wahifadhi wa wanyama waliing'amua hatari mapema. Kuanzia mwaka 2000, kwa fedha za wafadhili, wafugaji wa Kitengela walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza, nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Nairobi wapate pa kupita. Siulaumu mpango huo. Ila mgawanyo uleule ulivunja kitu kingine ambacho hakikupata mfadhili, nacho ni boma lenyewe. Bomani, bibi asiyeinuka kitandani au mtoto asiyeweza kuketi aliangaliwa kwa zamu na wake wenza, wakaza-wana na mabinti. Mmoja akienda kuteka maji, mwingine alibaki. Boma halikuwa pepo, maana wapo watoto waliofichwa humo wasionekane na wageni, na zamu zenyewe ziliwaangukia wanawake tu. Lakini zamu zilikuwepo. Katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja pale Kitengela, aliyemgeuza mgonjwa alfajiri ndiye atakayemgeuza usiku wa manane, na katikati ya saa hizo atafute pesa ya unga.

Serikali ilikuwa wapi? Jibu la swali hilo linaanzia ng'ambo. Uingereza ilipitisha sheria ya malipo ya uzeeni mwaka 1908, shilingi 5 kwa wiki kwa waliofika umri wa miaka 70. Hapa kwetu, utawala uleule ulifungua hospitali ya Mathari mwaka 1910 kwa wenye maradhi ya akili, na wengine wote ukawaachia ukoo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Mwafrika ana jamaa, na jamaa hawadai mshahara. Uhuru ulipokuja tukapata NSSF ya akiba ya uzeeni mwaka 1965 na NHIF ya bima ya hospitali mwaka 1966, mifuko ya watu wenye ajira. Mama anayemlisha mwanawe kwa kijiko hakuwa na ajira machoni pa mfuko wowote.

Mwaka 1980 Kenya iliadhimisha mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, mwaka mmoja kabla ya Umoja wa Mataifa. Kukafanywa harambee kubwa, na hazina ya kitaifa ya walemavu ikazaliwa humo. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianza vituo vya kupima mahitaji ya watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shuleni. Kanisa la AIC nalo likawa na makao ya watoto wenye ulemavu wa viungo mjini Kajiado. Huko kwenye mabweni ndiko mzazi alikopata nafuu, ingawa hakuna aliyekusudia kumpumzisha. Lengo lilikuwa mtoto asome na atembee. Likizo ya mama ilikuja kama chenji, na mtoto aliporudishwa Desemba chenji ikaisha.

Kisha UKIMWI. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, wakati wodi zilikuwa zimefurika. Mwaka 2002 wizara ya afya ikatoa mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa majumbani. Ulikuwa mwongozo wa busara, lakini tuuite kwa jina lake: kazi ya hospitali ilihamishiwa kwa wake, mabinti na nyanya, bila bajeti kuwafuata. Waliopata bahati walipewa glavu na mafunzo ya siku chache kutoka kwa mashirika. Wazazi walipofariki, nyanya walibaki na wajukuu. Kutokana na hilo, mwaka 2004 serikali na UNICEF walianza kujaribu kulipa fedha taslimu kwa kaya 500 zenye mayatima katika Kwale, Garissa na Nairobi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Malipo ya wazee yakaanza, na mwaka 2011 yakaja ya watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wanaohitaji mtu wa kuwaangalia usiku na mchana. Hayo ndiyo yaliyomkaribia mlezi kuliko mpango mwingine wowote, kwa kuwa fedha hupitia mkononi mwake. Hupitia tu. Katika mpango huo yeye ni wa kupokea na kutia sahihi, mwenye haki ni mgonjwa. Kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama shilingi 66 kwa siku, kiasi kisichomfikisha mtu Nairobi kwa matatu kutoka Kitengela akarudi. Kiwango hicho hakikutikisika hata mwaka 2022, pakiti ya unga ya kilo 2 ilipopita shilingi 200. Na waliofikiwa kwa miaka mingi ni kaya takriban 47,000, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu. Mwaka 2018 Inua Jamii, mpango wa serikali unaobeba malipo haya yote, ikapanuliwa kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni, umri uleule wa Uingereza ya 1908, miaka 110 baadaye.

Hata Uingereza haikumwona mlezi upesi. Mary Webster, mchungaji wa kanisa, aliacha kazi mwaka 1954 kuwauguza wazazi wake. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakaunda chama cha wanawake wasioolewa wenye kutunza jamaa. Malipo ya mlezi yakaja mwaka 1976, lakini walioolewa wakanyimwa kwa hoja kwamba wangekuwa nyumbani hata hivyo. Ilibidi Jacqueline Drake, aliyemtunza mama yake, ashinde kesi katika Mahakama ya Ulaya mwaka 1986. Marekani ilipitisha sheria ya kugharimia mapumziko ya walezi mwaka 2006, na fedha za kwanza zikatoka 2009. Nayataja haya kwa wanaodhani jambo hili ni anasa ya nchi tajiri iliyokuja yenyewe. Kote huko lilidaiwa.

Kwetu madai yana pa kusimama. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake wa Kenya hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizolipwa, na sera ya taifa kuhusu kazi hizo imekuwa ikiandaliwa. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba ya vifaa na posho inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Mhudumu huyo sasa hubisha hodi, hupima shinikizo la damu na kuandika kwenye simu. Hana ruhusa wala muda wa kusema: mama, nenda ukalale, nitakaa naye hadi saa kumi.

Kituo cha mchana kingeweza kusema hivyo. Jedwali la nne la Katiba linazipa kaunti vituo vya kulelea watoto, kwa hiyo Kajiado inaweza kujenga kimoja Kitengela na kuwaajiri watu wanaojua kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, bila kungoja sheria mpya kutoka Nairobi. Lakini jedwali linasema watoto. Kijana wa miaka 30 asiyeweza kujigeuza kitandani hakutajwa katika fungu hilo, na mama yake ameshapita miaka 60.