Wavulana Waliopotea: Watoto wa Sudan waliotembea hadi Kakuma

WAVULANA Waliopotea ni jina walilopewa watoto wapatao 20,000, wengi wao wa jamii za Dinka na Nuer, waliotenganishwa na wazazi wao na vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe nchini Sudan. Vita hivyo vilizuka mwaka wa 1983 na kumalizika 2005.

Kwamba wengi walikuwa wa kiume kulitokana na desturi za ufugaji. Vijiji viliposhambuliwa, wavulana walikuwa malishoni na ng’ombe. Wasichana walikuwa nyumbani, ambako wengi waliuawa au kutekwa nyara.

Watoto hao, baadhi wakiwa na umri wa miaka sita tu, walitembea mamia ya kilomita hadi Ethiopia. Njaa, kiu, maradhi na simba viliwaangamiza wengi njiani. Walionusurika walipata hifadhi katika kambi za Itang, Dimma na Pinyudo. Hata hivyo, baadhi yao walifunzwa huko kushika bunduki na waasi wa SPLA, waliokuwa wakiungwa mkono na Rais Mengistu Haile Mariam.

Mengistu alipong’olewa mamlakani Mei 1991, wakimbizi walifurushwa. Katika Mto Gilo uliokuwa umefurika, watoto walijitosa majini huku risasi zikiwafuata. Wengi walizama, wengine wakaliwa na mamba. Waliosalia walirejea Sudan, wakahangaika tena hadi 1992 walipovuka mpaka na kuingia Kenya kupitia Lokichoggio. Kambi ya Kakuma, katika Turkana, ilianzishwa mwaka huo kuwapokea.

Kakuma, wavulana waliishi kwa vikundi, wakijipikia mgao ambao mara nyingi uliisha kabla ya siku ya mgao mwingine. Masomo yalianza chini ya miti, wanafunzi wakiandika mchangani kwa vidole.

Kuanzia mwaka wa 2000, Marekani iliwapokea zaidi ya 3,500. Kwa kuwa wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, waliandikishwa kuwa wamezaliwa Januari 1. Mmoja wa waliolelewa Kakuma, mwanariadha Lopez Lomong, alibeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008.

Wasichana waliochukuliwa hawakufika 100. Walipowasili kambini walikuwa wamekabidhiwa familia za walezi, hivyo hawakuhesabiwa miongoni mwa watoto wasio na jamaa. Baadhi yao waligeuzwa watumishi wa nyumbani, na wengine wakaozwa kwa ajili ya mahari.

Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011. Vita vilipozuka upya Desemba 2013, maelfu ya watoto walifuata njia ile ile ya kuelekea Kakuma, wengi wao bila wazazi.